Alama Niliyomwekea Mama Mkwe

Diwani wa upande wa Manga alikufa ghafla mwanzoni mwa miaka ya sabini, ukaitishwa uchaguzi mdogo. Walimu tuliitwa Kisii mjini kufundishwa kazi ya kusimamia vituo. Afisa alitusomea kanuni tangu asubuhi mpaka saa nane, kwa sauti ya hakimu anayefunga mtu. Mimi nilizikariri zote. Nilikuwa kijana, nimevaa tai, kiburi kimenijaa mpaka puani.

Kanuni mbili ndizo zilizoniponza. Ya kwanza: mtu asisimamie kituo cha kwao, asije akapendelea ndugu. Kwetu ni karibu na Kebirigo, kwa hiyo nikapangiwa kituo cha Manga. Hakuna aliyeniuliza nimeoa wapi! Ya pili: mpiga kura asiyejua kusoma, msimamizi mwenyewe, si karani, amsikilize akitaja mtu wake mbele ya mawakala, kisha amwekee alama.

Basi siku ya kura, saa nne, naona mama mkwe wangu anaingia kwenye darasa tulilofanya kituo.

Nilishtuka mpaka kalamu ikanianguka. Kwetu mtu na mama mkwe wake wana ensoni, haya ya heshima. Humpi mkono. Humkaribii. Mkikutana kwenye kijia chembamba, mmoja wenu anaingia kwenye migomba mpaka mwenzake apite. Sasa kitabu cha kanuni kinaniambia nisimame naye bega kwa bega kwenye kona yenye pazia! Naye aliponiona alijifunika uso kwa leso, akageuka, akatoka mbio.

Nilijua alichofuata. Alikuwa mjane. Mgombea mmoja alikuwa jirani yake, na tangu baba mkwe afariki, bwana huyo alikuwa akisogeza ua wake kidogo kidogo ndani ya shamba la mama. Mgombea wa pili, mwalimu mstaafu, alikuwa ameahidi kuleta mpimaji wa ardhi aonyeshe mpaka. Jirani akishinda, mama angemlilia nani?

Nikamwomba karani wangu amsaidie. Wakala wa jirani akaruka kama aliyekalia siafu.

"Mwalimu, kitabu kinasema wewe! Karani akigusa karatasi hiyo, tunapinga kituo kizima."

Mtu mzima, Mgusii mwenzangu, anajua ensoni vizuri kuliko mimi, ananiambia hivyo mchana kweupe! Na kweli kitabu kilikuwa upande wake.

Mama alikaa nje kwenye nyasi kutwa nzima. Kila nikichungulia dirishani namwona palepale, amewapa wanaume mgongo. Nikadhani ataenda zake. Zikiwa zimebaki dakika chache tufunge, aliingia tena, safari hii kinyumenyume, leso imefunika kichwa chote, akasimama kwenye pazia akiutazama ukuta. Akamtaja mwalimu mstaafu kwa sauti ya juu, mawakala wote wakasikia. Kisha akasema polepole, "Baba, nisamehe. Sina mahali pengine pa kwenda."

Lo! Machozi yalinilenga. Karatasi ilikuwa na majina mawili, moja juu ya lingine, kila moja na kijisanduku chake. Kwa haya niligeuza uso nisimtazame, nikapiga alama bila kuitazama karatasi vizuri. Nikaikunja haraka, nikaitumbukiza sandukuni.

Kura zilihesabiwa Kisii, katika ukumbi uliojaa watu. Afisa alikuwa akiinua karatasi moja moja. Akainua moja, akaikunjua vizuri, akaitazama sana.

"Alama imegusa vijisanduku viwili. Imeharibika."

Niliijua alama ile. Ni mkono wangu, ule mkono ninaoandikia ubaoni kila siku. Ningesimama nikasema ni mimi niliyeiandika, na mawakala walimsikia mama. Nilikuwa na mdomo. Sikusimama. Niliogopa kuonekana mjinga mbele ya wakubwa, basi, hakuna sababu nyingine. Yule wakala naye alikuwa ananitazama, ametabasamu.

Jirani alishinda kwa kura moja. Moja! Wangelingana, kitabu kilisema wapigiwe bahati nasibu, na huenda mzee wa watu angeipata.

Kabla ya mavuno, ua ulikuwa umefika nyuma ya jiko la mama. Mpimaji hakuonekana. Mke wangu alienda kumwona, akarudi na mkungu wa ndizi kichwani, amenuna kwa ajili ya lile shamba. Akautua mbele yangu.

"Mama anasema hizi ni zako. Anasema watu wote wamemtupa, wewe peke yako uliiweka haya pembeni ukamsaidia. Anauliza kama kura yake ilihesabiwa."

Nikamwambia, "Mwambie ilihesabiwa."