Marahaba ya Mlimani

Mwaka jana baridi ya Lushoto ilimshika mume wangu kifuani ikakataa kumwachia. Alilazwa na nimonia, akatoka amekonda, pumzi zake fupi. Kijana wetu anayeishi Tanga aliligundua hilo kwenye simu. Alikuwa akisema, "Shikamoo, baba," kisha anasubiri. Marahaba ilikuja vipande vipande, nusu kwanza, halafu kikohozi, halafu iliyobaki. Kijana hakuuliza tena hali. Alituandalia chumba nyumbani kwake, akatuambia tuhame kabla baridi nyingine haijaingia.

Nilikasirika. Tanga naipenda kwa siku chache, baada ya hapo nalala sakafuni nikitafuta ubaridi wa saruji. Nimezaliwa huku, nimezoea sweta asubuhi na ukungu unaoshuka kutoka msituni hadi kwenye kabichi zangu. Lakini ningebishaje, na mtu mwenyewe alikuwa anapumzika njiani kwenda chooni?

Daktari alimwambia atembee kidogo kidogo, naye akatembea. Mvua zilipokatika alikuwa anafika sokoni na kurudi bila kukaa. Ndipo jioni moja akaniambia, "Nikifika Rangwi kwa baiskeli, kwa miguu yangu mwenyewe, hatuhami. Nikipakiwa pikipiki njiani, tunafunga mizigo."

Rangwi, karibu na misheni, anaishi dada yake mkubwa. Zamani, mume wangu alipokuwa bwana shamba, njia hiyo ndefu ya milimani aliipita kwa baiskeli mpaka akajua kila kona. Nilimwambia amechanganyikiwa. Kesho yake nikaenda kukodi baiskeli mbili za gia kwa vijana wanaotembeza wageni, maana mwendawazimu haachwi aende peke yake. Mimi baiskeli niliijua tangu usichana, nikipeleka maziwa Kifungilo.

"Siku hizi watalii wanatoka hapa hapa!" jirani alitupigia kelele tulipokuwa tunaondoka, na mume wangu akapiga kengele kumjibu.

Tulichosahau ni salamu. Barabara ya kupanda Magamba asubuhi imejaa watoto wanaokwenda shule. Kwetu mtoto akimpita mkubwa bila shikamoo, jioni mama yake ameshajua. Na mkubwa asiyeitikia, habari zake hufika mapema zaidi. Kila kundi lilipopita, "Shikamooni!" Mwanzoni niliitikia kwa niaba ya wote wawili, yeye akiinua mkono tu. Msichana mmoja hakuridhika. Alisimama pembeni ya barabara, akamtazama yeye peke yake.

"Shikamoo, babu!"

Mume wangu akashuka kwenye baiskeli. Alishika tandiko, akavuta pumzi mpaka sweta ikapanda na kushuka, akasema, "Marahaba, mjukuu wangu." Msichana akaenda zake. Kuanzia hapo aliitikia kila mmoja, na penye mwinuko mkali aliisukuma baiskeli bila aibu. Mimi nilikuwa nyuma, masikio yamenisimama. Kijana wangu alimpima baba yake kwa simu. Mimi nilimpima barabarani. Kadiri tulivyopanda, marahaba zilizidi kufupika.

Karibu na Magamba, miti inapoanza kuifunika barabara, mama mmoja aliyebeba kuni alitusalimu. Mume wangu alifungua mdomo, hakikutoka kitu. Akakaa ukingoni mwa barabara na kukohoa, mkono kifuani.

Nikasimamisha bodaboda. Sikufikiri mara mbili. Nyumba yangu, kabichi zangu, ukungu wangu, vyote niliviachia pale pale. Nilimtaka yeye tu, hata kama ni Tanga, hata kama ni kulala sakafuni mpaka nife.

"Panda," nikamwambia.

Akatikisa kichwa. "Nimechoka. Sijafa."

"Baba watoto, panda!"

Yule kijana wa bodaboda akazima injini. Alimwangalia mwenzangu, akaniangalia mimi, na kama mtu aliyelelewa vizuri akaanza na la kwanza. "Shikamoo, mzee."

Mume wangu akanywa maji. Akanyoosha mgongo, akakaa hivyo kwa muda, na sisi tukasubiri.

"Marahaba, kijana. Hujambo? Nenda salama, sisi tunapumzika."

Alisema yote kwa pumzi moja. Kijana akacheka, akaniambia, "Mama, huyu bado ana safari," akawasha pikipiki na kuondoka. Nilibaki na hasira zangu, lakini nilikuwa nimesikia.

Tulipumzika mpaka kikohozi kikatulia. Mbele ya hapo barabara inashuka na kupanda, inashuka na kupanda. Lukozi tulikuta watu wanapakia viazi. Mume wangu alinionyesha makinga maji aliyokuwa akiwahimiza wakulima wachimbe, mengine bado yameshika udongo. Kwenye miteremko mwoga nilikuwa mimi, nimeng'ang'ania breki huku yeye akinisubiri chini na kunicheka.

Jua lilikuwa limeinama tulipoingia Rangwi. Wifi yangu alikuwa uani anapukuchua maharage. Mume wangu, babu mzima, akaegemeza baiskeli ukutani na kuinama mbele yake. "Shikamoo, dada." Wifi akaitikia kwanza, ndipo akatugombeza kwa Kishambaa mpaka chai ikachemka.

Hatujaimaliza chai, simu ikaita, mume wangu akaiweka spika. Kijana wetu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Hamjambo huko? Wajukuu wanakula? Sisi tuko Rangwi kwa shangazi yako, tumekuja kwa baiskeli."

Kijana akauliza mara mbili, Rangwi ipi.

"Mpe mama," akasema mwishowe.

Nikaishika simu kwa mikono miwili.

"Shikamoo, mama."

Nilijaribu kuitikia. Machozi yakashuka, na nusu tu ya neno ikatoka.

"Mama? Na wewe umeanza?"

"Hapana, mwanangu," nikasema, na mume wangu kando yangu akicheka mpaka chai ikamwagika. "Marahaba. Marahaba sana. Hicho chumba wekea wageni, tutakuja kukusalimu."