Kilio cha Difu ya Mbele

Watu walimwita Dokta, na jina hilo hakulipata shuleni. Alilipata kwa bisibisi. Ilikuwa bisibisi ndefu ya mpini wa mbao. Ncha aliigusisha kwenye injini, mpini akaubana nyuma ya sikio, macho akayafumba, na baada ya dakika mbili alikwambia ugonjwa wa chombo chako kana kwamba chombo chenyewe kimemnong'oneza. Beringi inakufa. Valvu moja imelegea. Pampu inavuta hewa. Akishasema amesema, na kwa miaka thelathini hakuna mtu mjini pale aliyenunua mashine ya mtumba bila kumpitia kwanza.

Sasa niwaambie lililokuwa likimla moyo mtu huyu: mwaka mzima alikuwa hasikii. Si kiziwi wa kupigiwa kelele asigeuke, hapana. Mngurumo aliusikia, lori likipita alilisikia, na mtu wa sauti nene akisimama mbele yake walizungumza vizuri tu. Zilizompotea ni sauti nyembamba. Ndege, mlio wa simu, birika likichemka, wajukuu. Miaka thelathini ya kuinamia injini zisizo na sailensa, ulitegemea nini? Mwenyewe alikwisha kujua, lakini kumwambia mtu? Thubutu! Watu wakicheka, naye alicheka. Wakinyamaza na kumtazama, alitikisa kichwa akasema, "Ndiyo hivyo, dunia," na ajabu ni kwamba mara nyingi jibu hilo lilifaa. Kwenye simu alisingizia mtandao. Mkewe alidhani mzee ameingiwa na kiburi, akawa anamnunia, naye akaona heri kununiwa kuliko kusema.

Angeendelea hivyo, Mungu ndiye ajuaye mpaka lini, kama mdogo wake wa kike asingetaka kununua trekta la kuvuta magogo.

Mdogo wake huyu alikuwa na watu sita na misumeno miwili ya injini, wakivuna misonobari ya kupandwa. Kukata hakukuwa shida. Shida ilikuwa kuyatoa magogo bondeni mpaka barabarani yanakopakiwa. Walikodi trekta la shamba la jirani, nalo lilikuja siku mwenyewe akijisikia, na likikutana na mteremko lilikuwa linateleza kama mtu aliyevaa ndala kwenye sabuni. Magogo yalilala chini wiki tatu, yakaota ukungu wa bluu, mnunuzi akayatazama, akapiga mluzi, akaondoka zake. Mwaka huo mama huyu alipewa kitalu kikubwa cha kuvuna kwa sharti akimalize kabla ya mvua. Asipomaliza, kinakwenda kwa mwingine, na asahau kupewa tena. Akauza kiwanja chake, kile alichopanga kujengea nyumba ya uzeeni. Hakuwa na kingine cha kuuza.

"Kaka," alisema, "limepatikana moja kwenye yadi ya vyuma, lina winchi yake na koleo mbele. Twende ukalisikilize."

Dokta akasema ana kazi nyingi. Wiki iliyofuata akasema mgongo. Mara ya tatu dada mtu akavuta kiti cha gereji, akakaa, akapakata mkoba wake.

"Nitasubiri," alisema. "Usiposema wewe, sinunui. Nimeona wenzangu walivyouziwa mbuzi kwenye gunia."

Hapo mtu angesema nini? Angesema kweli, bila shaka. Sisi tulio pembeni huwa wema sana. Dokta alisema, "Basi kesho asubuhi."

Mwenye yadi alikuwa mtu mnene mwenye kofia ya sufu, mcheshi, na wala hakuwa tapeli. Nawaambia mapema kwa sababu najua mmeshaanza kumshuku. Trekta lilisimama mbele ya kontena, rangi ya njano imepauka, magurudumu yake manne yanamfika mtu kifuani. Kwa asiyelijua, trekta la aina hii ni vipande viwili, cha mbele na cha nyuma, vimeungwa katikati kwa pini ili liweze kujipinda kati ya visiki. Mbele kuna koleo, bamba la chuma la kusukumia, na nyuma kuna winchi yenye kamba ya chuma. Unafunga magogo, unayanyanyua vichwa, unaburuta.

Dokta alianza vizuri, tumpe haki yake. Kwanza aligusa injini. Ilikuwa baridi, maana yake hawakuipasha moto alfajiri kuficha ugumu wa kuwaka. Akatazama chini ya trekta, kisha akaulizia lilikuwa limesimama wapi juzi, akaenda kupatazama hapo pia, kwa sababu oili inayovuja huacha ushahidi lilikolala, si lilikohamishiwa. Pakavu kabisa. Akamwambia dereva wa yadi ashindilie koleo ardhini mpaka mbele inyanyuke, huku yeye ameweka kiganja juu ya kile kiungo cha katikati, kupima pini inavyocheza. Haikucheza sana. Akavuta kamba ya winchi yote mpaka mwisho, akiikagua pima kwa pima. Nyuzi zilizokatika zilikuwa mbili tu. Kwa macho na kwa mikono trekta lile halikuwa na neno, na moyo wa Dokta ukaanza kutulia. Akajiambia huenda Mungu amemsitiri.

Kisha wakaliwasha. Mngurumo ukamjaa kifuani, mzito, usiokatika. Dereva akafunga gogo nyuma, akaweka gia ya pili, akaliburuta kutoka mwisho mmoja wa uwanja mpaka mwingine, na Dokta amedandia kwenye ngazi ya pembeni, bisibisi kwenye chuma, mpini nyuma ya sikio, macho amefumba kama siku zote. Alisikia mngurumo. Zaidi ya hapo hakusikia kitu. Likasimama, akashuka, akawakuta wote wanamtazama: mwenye yadi, dereva, mlinzi aliyetoka kibandani kwake, na dada yake.

"Ni zima," alisema. "Lichukue."

Dada yake hakusema asante. Alimgeukia mwenye yadi, akamwambia, "Naomba dakika mbili na kaka yangu." Akamshika kiwiko, akampeleka nyuma ya rundo la matairi makuukuu. Trekta liliachwa linaunguruma polepole.

"Kaka," alisema, akimkazia macho, "amekupa ngapi?"

Dokta aliisoma midomo ile vizuri sana, ila hakuamini. "Nani?"

"Usinizungushe! Kule mbele kunalia. Likishika mwendo tu linalia wiii, mpaka meno yananiuma. Mlinzi amesikia, akakunja uso. Mimi nisiye fundi nimesikia. Wewe unaniambia ni zima. Amekupa ngapi, kaka?"

Jamani, shetani ana mbinu. Pale pale wazo likamjia Dokta, tena lilimjia limevaa vizuri: kubali. Aibu ya mla rushwa ina mwisho. Utaomba radhi, utanuniwa mwaka mmoja, yataisha. Aibu ya Dokta asiyesikia haina dawa, kesho yake gereji haipati hata baiskeli. Mdomo alishaufungua akubali kosa ambalo hakulifanya. Halafu akaiona mikono ya mdogo wake juu ya mkoba. Ilikuwa imeubana kama mbele ya mwizi. Mtoto aliyembeba mgongoni kuvuka matope kwenda shule, leo anamwogopa yeye.

"Sijala hata senti," alisema. "Sisikii."

"Wewe? Hilo nalo la kuniambia mimi?"

"Mwaka sasa."

"Geuka," alisema dada.

Akageuka, akayatazama matairi. Akasubiri. Akayatazama mpaka akajua lipi lina kiraka na lipi limepasuka ubavuni. Hakusikia kitu, akadhani ameachwa peke yake, akageuka. Dada yake alikuwa palepale, hatua mbili nyuma yake, midomo bado inakwenda, na machozi yamefika kidevuni. Aliyokuwa akiyasema hakuyarudia, hata alipoombwa.

Ila msidhani mambo yaliishia kwenye machozi. Alijifuta kwa kiganja, akavuta pumzi, akawaka.

"Na ungeniacha ninunue?"

"Nilitumaini ni zima."

"Ulitumaini! Kiwanja changu kimekwenda, watu wangu sita wananisubiri, wewe unatumaini! Kutosikia si kosa, kaka. Lakini ulisema lichukue."

"Nilisema."

"Kwa mdomo wako."

"Kwa mdomo wangu."

Hakujitetea, maana utetezi hakuwa nao. Aliona aibu, na niseme wazi, aibu ile ilimchoma mpaka kwenye masikio yenyewe. Lakini fundi aliyekuwa ndani yake, ambaye hakuwa na adabu ya kusubiri ugomvi uishe, akauliza:

"Kunalia likivuta tu, au hata dereva akiachia mafuta?"

Dada alimtazama kama anayetaka kumpiga. "Sikutega sikio," alisema.

"Twende utege."

Wakarudi. Safari hii Dokta alimkabidhi dada yake bisibisi, akampandisha yeye kwenye ngazi, akamwonyesha pa kugusa na namna ya kubana mpini. Wakapatana ishara: sauti ikipanda ainue kiganja, ikishuka akishushe. Mwenye yadi akauliza kulikoni. Dokta akamwambia wanathibitisha jambo. Trekta likaenda na kurudi, Dokta akatembea kando yake, hatazami magurudumu wala moshi, anatazama mkono wa dada yake tu. Dereva akibadilisha gia bila kubadilisha mwendo, mkono ulibaki palepale. Basi giaboksi haina kosa. Akikanyaga mafuta, ulipanda. Akiachia, ulishuka. Bisibisi ikihamia kipande cha nyuma, ulishuka kabisa.

"Beringi ya pinioni, difu ya mbele," Dokta alisema. "Pale gia ndogo inapoizungusha ekseli ya mbele. Ikikutwa leo, ni kazi ya siku tatu. Ikiachwa mwezi inatafuna meno yote, na hapo ndiyo basi tena."

Mwenye yadi akajikuna chini ya kofia. "Lahaula! Linalia tangu nilipoletewa. Nilidhani ndiyo sauti yake."

Hata dada akacheka, bila kutaka. Nyuma ya kontena kulikuwa na pacha wa trekta lile, injini imeungua, ekseli zake nzima. Dokta akapiga magoti kwenye majani, akaizungusha pinioni ya mbele polepole kwa vidole, nusu mzunguko, mzunguko, akirudi, akienda, na kwa kazi hiyo hakuhitaji sikio la mtu. Ilikuwa nzuri. Wakakubaliana: trekta kwa bei iliyotajwa, na difu ya yule marehemu juu yake.

Walipomaliza kupeana karatasi, mwenye yadi akaushika mkono wa Dokta kwa mikono yake miwili.

"Sikio hilo, mzee wangu! Wiki ijayo naletewa buldoza. Sitoi pesa mpaka uje ulisikilize. Taja malipo yako mwenyewe."

Dada alikuwa anafunga zipu ya mkoba. Hakuinua uso. Kama Dokta angenyamaza tu, jambo lingepita, na sifa zile zilikuwa tamu, msidanganywe.

"Sikio ni lake huyu," alisema. "Mimi sisikii."

Mwenye yadi akacheka. Dereva naye akacheka.

"Sitanii. Sauti nyembamba zimenitoka mwaka sasa. Difu ameisikia yeye."

Kicheko kikaisha. Mwenye yadi akamtazama Dokta, akaitazama bisibisi, na kwa kuwa biashara ni biashara, akamgeukia dada mtu. "Basi mama, wiki ijayo wewe una nafasi?"

Iliuma. Miaka thelathini ikahamia kwa mtu mwingine kwa swali moja, na mwenyewe amesimama hapo anaangalia. Dada akajibu kitu, lakini alikuwa amempa kaka yake mgongo, na Dokta aliona tu nyusi za mwenye yadi zikipanda.

"Umesemaje?" aliuliza. Mwaka mzima hakuwa amemuuliza mtu yeyote neno hilo.

Dada akageuka, akamsogelea mpaka usoni, akapaza sauti mpaka mlinzi akatoka tena kibandani.

"Nimesema sina nafasi! Nina magogo yananisubiri! Na fundi wangu ana difu ya kufungua, kwa hiyo naye hana nafasi!"

"Usinipigie kelele mbele za watu," alisema Dokta.

"Nitakupigia! Kila siku nitakupigia! Panda twende."

Akapanda.