Pumziko la Wimbo Mmoja

Mwalimu wetu wa mbio alikuwa mtu wa mdomo mkubwa na akili ndogo, na hapo nimejizuia. Miaka ile ya Zaire nilisema mabaya zaidi, ila kwa kunong'ona, maana alikuwa na cheo katika kamati ya Chama pale Kalemie, na watu wa namna ile hukuwatukana ovyo ukalala kwako. Tulilazimika kumwita Sitwayen, mwananchi, kama sheria ilivyotaka. Alilipenda sana hilo jina. Ukisahau ukamwita Papa, yaani baba, alikuzungusha uwanja mzima mara tatu na filimbi yake ikikufuata masikioni.

Tulikuwa wawili mikononi mwake, mimi na mwenzangu mmoja, wakimbiaji wa mita elfu tano. Kiwanda cha nguo kilitaka mtu wa kukikimbilia Lubumbashi, kwenye mashindano ya jimbo zima la Shaba. Mmoja, si wawili. Atakayechaguliwa angeandikwa kazi ya kudumu kiwandani, hata akishika mkia huko Lubumbashi. Baba yangu alikuwa ametoka kaskazini ya ziwa, upande wa Fizi, akaja kuvua ndakala, vile visamaki vidogo vinavyoanikwa mchangani, na alikwisha kunitengea wavu wangu. Niliuchukia ule wavu. Nilichukia harufu yake, nilichukia namna ulivyokata vidole, nikaapa nitakimbia mpaka nisiuone tena. Mwenzangu alikuwa mtoto wa katekista, hakuwa hata na wavu wa kuukimbia. Alikuwa na miguu tu, na sauti.

Niseme ukweli mapema: kule Kalemie, kando ya ziwa, alinishinda kila mara. Si kwa kubahatisha. Alinipita kwenye mzunguko wa mwisho bila kugeuza shingo, nami nikabaki nikitazama visigino vyake na kumchukia kidogo, kama unavyomchukia mtu asiyekukosea kitu.

Sitwayen alikuwa amekwenda staji, mafunzo ya wiki moja, Lubumbashi na akarudi na mambo mawili kichwani. La kwanza, kwamba mkimbiaji wa masafa marefu lazima akimbie pia mbio fupi za nguvu zote: mita mia mbili, mara nane, na kati ya moja na nyingine pumziko dogo. Hilo lilikuwa kweli. La pili, kwamba walio bora duniani hufanyia mazoezi milimani, wakishuka hakuna wa kuwakamata. Nalo lina ukweli wake. Shida ni kwamba mambo yenyewe yalikuwa mengi kuliko hayo mawili, na mengine aliyajaza mwenyewe.

Pumziko, kwa mfano. Alikuwa na kronometa moja, na hiyo aliiweka kwa ajili ya mbio. Pumziko akalipima kwa wimbo. Wakati ule kila asubuhi, shuleni, kazini, kila mahali, watu waliimba na kucheza animasyo ya kulisifu Taifa na Mkubwa wake kabla ya kugusa kazi. Sitwayen akaona aue ndege wawili kwa jiwe moja: sisi wenyewe tungeimba kila baada ya mbio, beti tatu, na wimbo ukiisha anapuliza filimbi, tunatoka tena. Mmoja anaanzisha, mwingine anaitikia. Mwenzangu alianzisha kwa sababu ya sauti yake, mimi nikaitikia. Mwalimu alisimama katikati ya njia, mita mia moja kutoka kila upande, akiwa na kronometa mkono mmoja na daftari mkono mwingine.

"Sauti ifike kwangu," alisema. "Muntu asiyeimba, hiyo si mambo ya sport tena. Hiyo ni mambo ya kamati."

Tulielewa. Wakati ule mtu aliweza kulala ndani kwa kuchelewa tu kwenye bendera.

Kando ya ziwa tulimudu. Kuimba ukiwa unahema ni upumbavu, lakini chini kule pumzi ilirudi haraka, na kufikia ubeti wa pili tulikuwa tumetulia. Kisha akatupandisha Pepa.

Tulikwenda Moba kwa mashua, kisha lori la kubeba ng'ombe likatupandisha milima ya Marungu siku nzima. Pepa ni nchi ya majani mafupi, baridi na ng'ombe. Wengine wanaisifu. Mimi niliichukia tangu nilipoteremka kwenye lori kichwa kikinigonga na koo limekauka kama nimekula majivu. Kupanda ngazi za nyumba tuliyopewa kulinitoa jasho. Tungekaa majuma matatu, na siku ya mwisho kungekuwa na jaribio: atakayetangulia katika mbio ya nane ndiye wa Lubumbashi.

Asubuhi ya kwanza, bila hata siku moja ya kuzoea, akatupanga njiani. Na hapa ndipo balaa ilipoanzia, kwa sababu ile mbio ya kwanza tulikimbia vizuri mno. Hewa ya kule ni nyepesi, haikuzuii kifuani, na mwili bado una nguvu ulizolala nazo. Sitwayen akatazama kronometa yake, akaitikisa, akaitazama tena. Tulikuwa tumekimbia kasi kuliko siku yoyote ya ziwani.

"Munaona!" alipiga kelele. "Munaona mlima!"

Tukaimba. Nilipofika kuitikia ubeti wa kwanza, hewa haikuwepo. Nilifungua mdomo nikavuta, ikaingia kitu baridi kisicho na faida. Filimbi ikalia nikiwa bado nimeshika magoti. Mbio ya pili ilikuwa ya kawaida, ya tatu mbaya, ya tano nilikimbia kama mtu anayevuka tope. Ya sita mwenzangu alitapika. Ya nane hata sijui tuliimalizaje.

Mtu mwenye akili angeuliza kwa nini. Yeye alikuwa na jibu tayari, limeandikwa kwenye daftari.

"Ya kwanza mumekimbia kuliko kule chini," alisema akitugongea ukurasa kwa kalamu. "Kwa hiyo mapafu iko, miguu iko. Ile miguu ya kwanza njo ile ile ya mwisho. Kama ya mwisho iko nachelewa, ni uvivu njo iko nakimbia, haiko ninyi."

Siku hizi najua kilichotokea, na mtu yeyote aliyefundisha mbio milimani anakijua. Mbio moja ya nguvu zote mlima haukunyang'anyi. Unachokunyang'anya ni kurudi kwa pumzi baada yake. Pumziko linalotosha ziwani, kule juu ni nusu ya pumziko, na ukilijaza nyimbo halibaki kitu. Tulihitaji kunyamaza na kungoja mara mbili zaidi. Basi. Haikuhitaji daktari.

Hata mchunga ng'ombe mmoja wa Pepa alilijua. Alikuwa anatutazama kila asubuhi akiwa ameegemea fimbo, na siku ya pili akamsogelea mwalimu kwa heshima zote.

"Papa, samahani," alisema. "Ngombe tukiitosha Moba tukaileta huku, tunaiacha kwanza ipumuzike. Hatuikimbize. Kama unaikimbiza, inaanguka."

"Mimi si Papa, ni Sitwayen. Na hawa si ngombe."

"Njo maana nimesema," akajibu yule mzee, akarudi kwa wanyama wake. Ni mtu pekee niliyempenda kule Pepa. Sitwayen kwa hasira akakata ubeti mmoja kwenye pumziko letu, ili tujifunze kutovumilia uvivu. Tukabaki na beti mbili.

Siku ya tatu nzi aliniingia mdomoni. Nikakohoa, ubeti mzima ukapita bila kuuitikia, na filimbi ilipolia nikagundua kwamba naweza kukimbia. Si vizuri, lakini naweza. Sauti ya mwenzangu ilikuwa imeendelea, na mwalimu, mita mia moja mbali na upepo ule, hakugeuka hata.

Kuanzia hapo sikuimba tena. Nilichezesha midomo, nikapanua kifua kama mwimbaji wa kwaya, na ndani yangu nilikuwa navuta hewa kwa uroho wote, kwa pua na kwa mdomo. Mwenzangu aliimba. Alianzisha na akaitikia, yote mawili, kwa sauti mbili tofauti, ya kwake nyembamba na nyingine nzito. Nilimwona anajipendekeza. Nilijiambia: tazama huyu, anataka mwalimu amwone ni mzalendo, acha aimbe mpaka apasuke. Na nilifurahi. Nasema wazi kwamba nilifurahi, kwa sababu siku ya tano nilianza kumtangulia kuanzia mbio ya nne, na siku ya kumi kuanzia ya tatu, na kila siku alikuwa akibaki nyuma zaidi akiwa na mate meupe kwenye pembe za mdomo.

Tulilala chumba kimoja, mkeka kwa mkeka. Ningeweza kumwambia kwa sentensi moja: usiimbe, chezesha midomo. Majuma matatu sikuipata nafasi ya kusema maneno matatu. Yeye naye hakuniuliza kitu.

Siku ya jaribio ukungu ulikuwa umeinuka mapema na mwalimu alikuwa amevaa abakosti yake, ile suti ya watu wa Chama isiyo na tai, kana kwamba ni sherehe. Mbio ya kwanza mwenzangu alinishinda kwa hatua nne. Ya pili, mbili. Kabla ya wimbo uliotangulia mbio ya nane, tukiwa tumesimama bega kwa bega, alinigeukia akanitazama usoni. Nikatazama ng'ombe. Akaanza kuimba. Filimbi ilipolia nilitoka, na sikumsikia nyuma yangu kabisa. Nilipogeuka alikuwa bado katikati ya njia, anatembea, mkono ubavuni.

"Kifua dhaifu," mwalimu aliandika, na akalisoma kwa sauti ili lijulikane.

Tuliposhuka Moba mwalimu alikwenda moja kwa moja kwenye foni, ile simu ya redio ya misheni, na kulituma jina langu Lubumbashi. Tulipofika Kalemie, juma moja baadaye, tulikimbia elfu tano ya kawaida uwanjani, na mwenzangu akanishinda kwa karibu nusu mzunguko. Watu walicheka. Mwalimu hakucheka wala hakubadilisha kitu, jina lilikwisha kwenda, na mtu kama yule kukiri kwamba alikosea ni afadhali umng'oe jino.

Lubumbashi nilishika nafasi ambayo sitaitaja. Kiwanda kiliniandika kazi kama kilivyoahidi. Wavu wa baba yangu aliuchukua mdogo wangu. Mwenzangu aliacha kukimbia mwezi ule ule. Lile neno, kifua dhaifu, lilizunguka mji mzima, wazazi wa wasichana wakalisikia, bandarini walipotafuta wapakuaji mizigo wakampa kazi ya kuhesabu magunia kwa kumwonea huruma. Nilimwona mara nyingi akipita na kalamu sikioni. Tulisalimiana kwa kichwa.

Miaka ikapita, kama kumi na kitu, bado Zaire. Nikasikia mtoto wake wa kwanza anakimbia vizuri shuleni na wanataka kumpeleka mashindanoni, na baba yake amekataa. Hapo moyo ukanisuta. Kwa majuma mawili sikula vizuri. Nilifikiri: analiamini lile neno la yule mpumbavu, anafikiri kifua kibovu ni cha ukoo, na mimi pekee ndiye mwenye kujua kwamba ni uwongo.

Jumapili baada ya misa nikaenda kwake. Mke wake akaniletea kiti na maji, akatuacha. Nikamweleza yote nikiwa natazama kikombe. Kwamba Pepa sikuimba. Kwamba nilichezesha midomo tangu siku ya tatu, nikapumzika wakati yeye anapoteza pumzi. Kwamba kifua chake hakikuwa na ubaya wowote, ni wimbo ndio uliomwangusha, na kwamba mtoto aachwe akimbie. Nikaomba msamaha. Nilikuwa nimejiandaa atanipiga, na ingenifaa.

Hakunipiga. Alicheka, kicheko kifupi kibaya.

"Kifua yangu iko muzima, najua," alisema. "Mutoto simukataze kwa sababu ya kifua. Namukataza kwa sababu kule kwenye kukimbia kuko bantu kama wewe."

Nikasema tu, kwa ujinga, kwamba nilidhani wakati ule alikuwa anaimba sana ili ampendeze mwalimu.

Akainuka, akakichukua mkononi mwangu kikombe ambacho sikuwa nimekimaliza.

"Kama wimbo inakosa wa kuitikia, ule muntu angekupeleka kwa kamati," alisema. "Nilikuwa naimba na ya kwako. Sasa toka kwangu."