Mwenye Ufunguo wa Piano

Everlyne Kahonzi hakumwamini mtu na piano ya kanisa. Miaka kumi na tisa ufunguo wake ulikaa kwenye pindo la leso yake, na mchungaji mwenyewe akiutaka alilazimika kuomba. Marehemu mumewe, mgema wa mnazi, alimtania mpaka anaingia kaburini: "Wewe umeolewa na sanduku." Wala Kahonzi hakujua kupiga hata wimbo mmoja. Kazi yake kanisani pale Kaloleni ilikuwa kufagia na kulitunza sanduku hilo, na kazi hiyo ndiyo iliyomweka mjini baada ya kufiwa.

Sasa piano ilikuwa imekauka sauti. Jumapili mbili ilikohoa tu. Mchungaji Dena akamwita fundi kutoka Malindi, mtu wa bara aitwaye Gachanja. Kahonzi alipoliona begi lake, moyo ukamwambia, haya, yamekuja. Begi kubwa hivyo la nini?

"Shikamoo, mama. Naomba ufunguo."

"Marahaba. Nitafungua mwenyewe, na siondoki hapa."

Akaketi nyuma ya fundi, macho yake kwenye mikono ya mgeni huyo. Gachanja alikuwa msemaji, na mtu wa maneno mengi, Kahonzi alijua, ana anachoficha. Eti piano ilibuniwa na fundi wa Italia miaka mia tatu iliyopita, mtunza vinanda vya mwana wa mfalme. Vinanda vya awali vilidonoa nyuzi. Uguse kwa nguvu, uguse polepole, sauti ni ile ile. Yule fundi akatia nyundo ndogo zinazogonga na kurudi, ndipo kidole kikaweza kunong'ona na kufoka.

"Mtaliano!" Kahonzi akaguna. "Kama hawa waliojaa Malindi?"

"Wa kale, mama."

Akachomoa safu ya nyundo. Loo! Nyingi zilikuwa vijiti vitupu, sufu ya kuzifunika vichwa haipo.

"Mchungaji! Njoo uone! Ameiba sufu! Begi limwagwe!"

Mchungaji akaja mbio. Kahonzi akalimwaga begi sakafuni: bisibisi, koleo, brashi, nusu mkate. Gachanja alipiga magoti, akafungua ubao wa chini, akatoa kiota cha panya, sufu tupu. Akakinusa.

"Mafuta ya nazi. Mtu amezipaka nyuzi na nyundo, panya wakafuata harufu."

Kila Jumamosi tangu masika Kahonzi mwenyewe alikuwa akizipaka, mafuta aliyoyapika kwa mikono yake, ili kutu isishike. Kumbe kikulacho ki nguoni mwako.

"Nani amefanya hivi?" mchungaji akauliza.

"Labda fundi aliyenitangulia," Gachanja akasema, bila kumtazama mtu.

Mlango wa kuponyokea ulikuwa umefunguliwa; Kahonzi angeweza kunyamaza tu.

"Hakuna aliyekutangulia," akasema. "Ni mimi."

Akafungua pindo la leso, akauweka ufunguo mkononi mwa mchungaji. Kisha akainama kuokota vitu vya mgeni, akaanza na mkate.