Pepo Aliyezushiwa Mwatum

Kazija alimzushia wifi yake pepo. Jambo lenyewe ndilo hilo, halina haja ya kuzungushwa. Aliwaambia wanawake wa Makunduchi kwamba Mwatum, mjane wa kaka yake, ana pepo wa Kibanyani kichwani, na kwa neno hilo Mwatum akawekwa nje ya mlango siku ya harusi ya Shemsa, mtoto wake wa pekee, aliyemzaa yeye, si Kazija.

Mwatum alikuwa mpiga makumbi ya nazi. Akiyafukua pwani yameshaoza, akiyaponda kwa rungu, akisokota kamba mpaka viganja vinachubuka. Mume alipofariki, kamba hazikutosha kumlea mtoto. Ndipo akamwacha Shemsa kwa shangazi yake, huyo Kazija, akenda Mjini kufua na kupika kwa Bi Jamna, mjane wa Kibanyani, Mhindi asiyekula nyama wala samaki, aliyekaa ghorofani, mtaa wa Hurumzi. Hiyo ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya hamsini.

Kila asubuhi Bi Jamna alikaa mkekani, mgongo umenyooka, macho kayafumba. Chini ya dirisha sonara anagonga, muuza kahawa anagonganisha vikombe, watu wanagombana. Yeye kimya.

"Bi Jamna, umelala?"

"Silali. Nimewaita ndani."

"Nani?"

"Macho, masikio, pua, ulimi, ngozi. Kutwa wanazurura njiani kama watoto wasio na mama. Asubuhi nawaita nyumbani."

Mwatum alicheka mpaka akashika mbavu. "Na wakikataa?"

"Usiwapige. Kaa, fuata pumzi yako. Watachoka, watarudi."

Mwatum akauliza kama hiyo ni sala ya Kibanyani. Bi Jamna akasema sala yake anaisali kwengine, mbele ya taa yake. Hii ni yoga, kazi ya mwili na moyo, na kila mtu ana pua yake.

Basi Mwatum akajaribu. Mwanzo nyundo ya sonara ilimgonga utosini. Akaendelea, hata asubuhi moja nyundo ikawa ipo, anaisikia, lakini haimwiti. Ikawa kama inagonga huko mbali, Bububu. Harufu ya bizari ikapita bila ya kumshika. Akajiona amerudi ndani kama kome aliyeguswa na kidole, na huko ndani, lo, kupana! Alipofumbua macho nusura apige kigelegele. Mtu aliyetumwa tangu utotoni, Mwatum lete, Mwatum chukua, asubuhi ile hakutumwa na chochote.

Shemsa alipoposwa, Mwatum alipanda gari la Makunduchi, na furaha yake hakuweza kuifumbata. Siku aliyofika alimwelezea Kazija yote, akamkalisha mkekani, akamwonyesha. Kazija alifumba macho, akacheka, akasema, "Wifi, mie wangu hawaitiki, wako jikoni wananusa pweza!" Wakacheka pamoja.

Kesho yake asubuhi Mwatum alikaa nyuma ya nyumba, macho kayafumba. Kazija akamwita. Kimya. Akamwita tena, akampigia makofi sikioni. Kimya. Mara ua ukajaa mayowe.

"Njooni! Mwatum anaitwa haitiki! Kaja na pepo wa Kibanyani toka Mjini!"

Wanawake wakamiminika. Mwatum akafumbua macho. "Sina pepo. Kazija anajua, jana nlimfundisha mwenyewe!"

"Mie? Audhubillahi!"

"Pepo wa Kibanyani hali samaki," mmoja akasema. "Mpeni pweza tuone."

Mwatum akala pweza sahani nzima, akalamba na vidole.

"Ah, pepo kajificha," wakasema.

Akaitwa fundi wa pepo, Borafya. Masharti yakatajwa wazi: ngoma ipigwe alasiri, na pepo asipopanda mpaka magharibi, Mwatum ni mzima, ataingia ndani kwa bintiye. Kazija mwenyewe aliyakubali.

Mwatum moyo ulimrukaruka kama mtu anayekwenda kuchukua haki yake. Walidhani watamtikisa kwa ngoma, yeye aliyeizoea nyundo ya sonara! Ubani ukafuka, upatu ukalia, ngoma ikashika. Akaiita pua, ikaja. Akayaita masikio. Jirani mmoja pepo alimpanda, akaanguka akigaragara karibu yake. Mwatum tuli. Kaa la moto likaruka kutoka chetezoni, likatua mguuni pake. Aliusikia moto, akauacha huko nje. Hakuwahi kufika mbali vile! Kila ngoma ilivyozidi, ndivyo alivyozidi kujiona ameshinda.

Magharibi akafumbua macho, anacheka. "Haya! Yuko wapi huyo pepo?"

Hakuna aliyecheka naye. Borafya alikuwa amerudi nyuma hatua kadhaa.

"Nshapunga wengi," alisema. "Mtu asiye na pepo hutikisika, hata kidole. Huyu kaungua asishituke. Aliyemshika ni mkubwa, hataki hata kutaja jina."

"Si nliwaambia?" Kazija akadakia.

"Nimetulia kwa kuwa sina!" Mwatum akapiga ukelele. "Pigeni tena, ntacheza!"

"Akicheza, ndiyo pepo kapanda," akasema Kazija.

Siku ya harusi Mwatum alisimama nje ya ua. Alimsikia Shemsa akisema, "Namtaka mama." Alimsikia Kazija akijibu, "Mama yako mgonjwa, mwanangu." Vigelegele vikapigwa, na mkono uliomtoa bibi harusi mlangoni ulikuwa wa Kazija.

Borafya alisema alivyojua. Mwatum hamdai. Wale wanawake waliogopa, nao pia Mwatum hawadai kitu. Anayedaiwa ni Kazija, kwa sababu yeye alikaa kwenye mkeka ule akafumba macho, akajua. Anadaiwa asimame katika ua ule ule, mchana, watu wakiwapo, aseme kwa kinywa chake: "Wifi yangu hakuwa na pepo. Nlijua, nkamzushia, kwa kuwa nlitaka mtoto awe wangu." Shemsa awepo asikie. Mpaka leo Kazija hajasema.