Pishi ya Nini?

Ghala lililoniajiri pale Mingoyo lilikuwa la mfanyabiashara binafsi, mmoja wa wale waliojitokeza biashara ya korosho ilipofunguliwa. Alinunua kompyuta kabla hajajua ataifanyia nini, akaniajiri mimi nimjulie. Nilijisikia, sikatai.

Lugha ya programu niliyoizoea ilikuwa na upole mno: haikuuliza kitu ni cha aina gani mpaka wakati wa kukitumia. Basi kwa kila uzito uliotoka kwenye mizani iliuliza upya, kazi ikawa ya kukokota, na foleni ya wakulima ikafika barabarani. Bosi akaniambia, "Binti, msimu wa ufuta ukikuta hali hii, mashine inarudi Dar na wewe unarudi kwenu."

Nikaiandikia lugha hiyo kiungo cha ziada, yaani kipande cha programu kinachogeuzwa mapema kuwa lugha ya mashine. Huko kila kitu lazima kitajwe aina yake. Kasi niliipata, ila nikajikuta nimeandika chombo cha kutunzia uzito, kingine cha idadi ya magunia, kingine cha majina. Maandishi yale yale, mara tatu. Nikirekebisha kimoja, nasahau vingine. Nilikereka vibaya sana.

Jumamosi moja nyumbani Mitwero, jirani aliingia barazani, ambako mama aliuzia mazao, akamwambia, "Nipimie pishi, dada."

Mama hakunyanyuka. "Pishi ya nini?"

Kwetu lazima useme kwanza, maana mpunga hufutwa kwa mkono ukawa sawa na mdomo wa pishi, na korosho hurundikwa mpaka zidondoke. Pishi ni ile ile, lakini kinachoingia ndicho kinachoamua itapimwaje.

Niliiacha chai yangu ikapoa. Jumatatu nikavifuta vyombo vyote vitatu, nikaandika kimoja, nikakiita Pishi, nikakiachia nafasi wazi: pishi ya kitu fulani. Ukishakitaja hicho kitu, kitafsiri cha programu, kile kinachoigeuza kuwa lugha ya mashine, kinaunda chenyewe chombo kamili, chenye kasi na kanuni zake, kabla mizani haijaguswa. Kilipokubali nilipiga vigelegele peke yangu ofisini, mlinzi akaja mbio.

Ufuta ukaingia. Bosi akasimama nyuma yangu na kikombe cha kahawa, akasema sasa apigiwe simu fundi wa Dar, maana zao jipya litataka programu mpya.

"Kunywa kahawa yako kwanza, bosi," nikamwambia.

Nikaandika mstari mmoja: pishi ya ufuta. Magunia yakaanza kupita, foleni ikasogea.

"Umemaliza?" akauliza, kahawa bado ya moto.

"Nilimaliza tangu korosho, bosi. Leo nimeiambia tu ya nini."