Saa ya umeme ya 60, jenereta ya 50, na ndoa yangu katikati

Wakuu, salamu kwenu wote. Mimi ni mzee, naandika kwa kidole kimoja, nguvu ya kutunga uongo sina. Haya yalinipata mwenyewe.

Miaka ya mwisho ya Wabelgiji nilikuwa fundi wa jenereta kwenye mgodi wa dhahabu, upande wa Salamabila. Alfajiri nawasha, mchana naenda nyumbani, usiku narudi kuzima.

Direkta wetu akaletewa saa ya umeme kutoka Amerika. Saa yake ya mkono ilikuwa Kindu kwa fundi, basi hii ikawa saa ya mgodi mzima. Jua likichomoza anaiweka kwenye kumi na mbili. Ikisema saa nane, king'ora kinalia, tunatoka.

Tangu hapo tukawa tunatoka adhana ya alasiri imeshapita.

Mke wangu Zaina akaniuliza taratibu, "Huyo mwanamuke iko kambi gani?"

Nikaenda kusoma mgongo wa ile saa: 60 Hz. Jenereta yangu: 50.

Saa za namna ile huhesabu mapigo ya umeme. Yenyewe inangoja sitini kila sekunde, mimi naipa hamsini. Kila saa moja inachelewa dakika kumi!

Nikamweleza direkta. Akanitazama kwa huruma.

"Saa ya Amerika haikosaki. Jua ya huku ndiyo iko na haraka."

Ndiyo wakuu. Jua.

Nikarudi kwenye masini, nikaongeza mwendo mpaka sitini. Haikuwa vizuri kwa jenereta, nakiri, ila nyumbani kulikuwa kunawaka. Kesho yake nikala bugali na sombe, yaani kisamvu, bila maswali.

Jumapili madamu, mke wa direkta, akaalika wageni kutoka Kasongo. Gramafoni yake ilikuwa ya Ulaya, ya 50. Mwimbaji wa sauti nzito akalia kama mbuzi, tena mbio. Wageni wakajitahidi kucheza. Bwana mmoja mnene akakaa chini katikati ya wimbo.

Madamu akaja chumba cha masini, jasho linamtoka. "Umefanya nini umeme yangu?"

Nikasema ukweli. "Madamu, umeme iko moja. Ikifuata saa, muziki inakimbia. Ikifuata muziki, saa inachelewa. Muchague."

Hakufikiri. "Muziki."

Saa ikashushwa ukutani siku ileile, nami nikarudisha mwendo kwenye hamsini. Direkta akaazima ya mkono kwa yule bwana mnene.

Funzo langu: soma namba za nyuma ya chombo kabla hujakichomeka. Na mkubwa asiposikia, mweleze mkewe.

Mafundi wa humu, kuna mwingine aliyeponya ndoa kwa kugusa Hz? Semeni, nasoma zote, polepole.